Kompyuta Mpakato Kuwa Nzito Baada ya Kuongezewa Kifaa: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kuvitafuta

Kompyuta mpakato nyingi zinazotumika jijini Tanga, katika ofisi za kuchapa na kutoa kopi za Ngamiani, majumbani Chumbageni na Raskazone, na mikononi mwa wanafunzi wa vyuo, zimekwisha kufanya kazi miaka kadhaa ng'ambo kabla ya kufika hapa. Wenyewe huzirefushia maisha kwa njia mbili ambazo kila fundi anazijua: kuongeza RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi), na kutoa hadi diski ya kuzunguka (HDD) ili kuweka SSD, yaani diski ya kielektroniki isiyozunguka, mahali pake. Njia hizo ni sahihi. Hadi diski ya kawaida ya kompyuta mpakato, inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde, ilhali SSD ya aina ya SATA, muunganisho wa zamani, hufika takriban 550, na ile ya NVMe, aina mpya zaidi, inayopita katika njia nne za data za PCIe 3.0 hukaribia 3,500. Mtu aliyetoa fedha yake kwa ajili ya tofauti kubwa namna hiyo ana haki ya kuiona, na asipoiona ana haki ya kuuliza sababu.

Jibu linalokuja haraka ni kwamba kifaa kilichonunuliwa ni feki. Vifaa feki vipo, na nitavieleza mahali pake, lakini naona jibu hilo hutolewa mapema mno, na matokeo yake ni mtu kununua SSD ya pili au RAM ya pili huku tatizo likibaki palepale. Anayeongeza kifaa hagusi kifaa hicho peke yake. Mashine hufunguliwa, betri huchomolewa, waya utepe huvutwa, feni na bamba la kupozea hulegezwa, mipangilio ya BIOS (programu ya ubao mama inayoiwasha mashine) wakati mwingine hurudi kuwa ya kiwandani, na mara nyingi Windows hupigwa upya. Lolote kati ya hayo linaweza kuifanya mashine iwe nzito hata kama kifaa kipya ni kizima kabisa. Kwa hiyo anayetafuta chanzo aulize kwanza ni nini kingine kiliguswa siku ile, kisha apime, na ndipo alaumu.

Uzito unajitokeza wakati gani

Kumwambia fundi kwamba mashine ni nzito hakumsaidii sana. Kinachomsaidia ni kujua wakati na mazingira ya uzito wenyewe. Mashine iliyo nzito tangu inapowashwa hadi inapozimwa ina kisa tofauti na ile inayokwenda vizuri nusu saa ya kwanza kisha ikalegea. Ile inayolemewa ikiwa imechomekwa chaja, lakini ikachangamka mara chaja inapotolewa, karibu inakitaja chanzo chake yenyewe. Nyingine hufanya kazi zote bila shida ila inapopewa faili kubwa ya kunakili. Nyingine huganda kwa sekunde kumi au ishirini, kishale cha mausi kikaendelea kutembea, kisha kila kitu kikafunguka kwa pamoja. Na nyingine haina ubaya wowote isipokuwa kurasa za intaneti kufunguka kwa shida. Mwenye mashine aandike dalili hizo kabla ya kuifungua tena, maana kila moja ina njia yake.

Kuna hali moja isiyo ugonjwa. Windows iliyopigwa upya huanza kupakua masasisho, kuorodhesha faili kwa ajili ya utafutaji, kukagua virusi na kusawazisha folda na hifadhi ya mtandaoni, na kazi hizo zote hufanyika chinichini wakati mtumiaji anasubiri Word ifunguke. Mashine iliyounganishwa na intaneti ya kudumu humaliza shughuli hiyo kwa siku moja au mbili. Ile inayopata intaneti kwa bando la simu, dakika chache asubuhi na dakika chache jioni, inaweza kukaa katika hali hiyo wiki nzima au zaidi, kwa sababu kila inapounganishwa huendelea pale ilipokatiwa. Kabla ya uchunguzi mwingine wowote, iache mashine imewashwa usiku kucha ikiwa kwenye chaja na kwenye mtandao wa uhakika, kisha uiwashe upya asubuhi.

Namba za kusoma kabla ya kushika bisibisi

Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc ili kufungua Task Manager, kisha uende kwenye ukurasa wa Performance. Usisome namba mashine ikiwa imetulia, kwa kuwa wakati huo zitakuwa nzuri na hazitakueleza kitu. Ifanyishe kwanza kazi ile ile inayoilemea, kisha usome. Kwenye CPU, yaani prosesa, tazama kasi inayoandikwa kwa gigahezi na uilinganishe na kasi ya msingi iliyoandikwa pembeni. Kwenye Memory tazama RAM yote inayoonekana, kasi yake, na idadi ya sloti zinazotumika. Kwenye Disk tazama asilimia ya muda ambao diski iko kazini, na jina la diski yenyewe.

Kasi ya prosesa ikiwa imeshuka sana huku asilimia ya matumizi ikiwa juu, tatizo liko kwenye umeme au joto, na SSD haihusiki. Diski ikiwa kwenye asilimia 100 huku ikisoma megabaiti chache tu kwa sekunde, tatizo liko kwenye diski, waya wake au mpangilio wake. RAM ikiwa imejaa wakati programu zilizofunguliwa ni chache, kiasi cha RAM au Windows yenyewe ndicho cha kuangaliwa. Namba zote tatu zikiwa za kuridhisha na mashine bado nzito, angalia draiva ya skrini, yaani programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa hicho, kabla ya jambo lingine.

Prosesa imebanwa chini ya gigahezi moja

Dalili hii huwachanganya wengi kuliko zote, kwa sababu haionekani kuwa na uhusiano na kazi iliyofanywa. Prosesa yenye kasi ya msingi ya gigahezi 2.4 inakutwa imeganda kwenye 0.8 au chini ya hapo, haipandi hata inapopewa kazi nzito, na mashine nzima inakwenda kwa kujivuta. Hapo prosesa imeamriwa na ubao mama kujizuia, na amri hiyo hutoka kwenye mojawapo ya sehemu chache.

Ya kwanza ni chaja. Chaja za Dell na za HP zenye ncha ya duara zina pini nyembamba katikati, ambayo kazi yake si kupitisha umeme bali kuitambulisha chaja kwa mashine. Pini hiyo ikipinda au kuvunjika, waya wake ukilegea ndani ya tundu la chaja wakati mashine ilipofunguliwa, au chaja yenyewe ikiwa ya kuiga isiyo na utambulisho huo, mashine haijui inapewa wati ngapi, na kwa usalama wake huishusha prosesa hadi kasi ya chini kabisa. Dell nyingi huonyesha ujumbe wakati wa kuwaka kwamba aina ya chaja haikutambulika, lakini watumiaji wamezoea kubonyeza kitufe na kuupita bila kuusoma. Kipimo chake ni rahisi: chomoa chaja mashine ikiwa kwenye betri na uangalie kasi katika Task Manager. Ikiruka kutoka 0.8 hadi zaidi ya 2, chanzo kimepatikana. Jaribu chaja nyingine yenye wati zilezile au zaidi, yaani 65 kwa 65, au 90 kwa 90, kwa volti zilezile, kabla ya kufikiria kubadili tundu. Kwa mashine zinazochajiwa kwa USB-C jambo ni hilohilo, kwa kuwa chaja ya simu ya wati 20 haiwezi kubeba mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya 65.

Ya pili ni betri. Baadhi ya mashine hupunguza kasi zikikosa betri au zikiwa na betri zisiyoitambua, kwa sababu betri huwa msaidizi wa chaja pale prosesa inapohitaji umeme mwingi kwa ghafla. Fundi akisahau kurudisha vizuri kiunganishi cha betri, au betri mpya ikiwa ya kuiga, dalili inaweza kuwa hiihii. Betri iliyovimba, hasa ile inayoisukuma sehemu ya kugusia kwa kidole hadi inainuka, isirudishwe kabisa, hata kama mwenye mashine anasihi.

Ya tatu ni mpangilio wa matumizi ya umeme ndani ya Windows, ambao baada ya Windows kupigwa upya unaweza kuwa kwenye hali ya kubana umeme. Hilo hurekebishwa kwa dakika moja katika mipangilio ya betri, na ni vyema liangaliwe mapema.

Ipo programu iitwayo ThrottleStop inayoweza kuzima ishara ya kuibana prosesa, na baadhi ya mafundi huitumia kisha wakairudisha mashine kwa mteja ikiwa nyepesi. Mimi siungi mkono matumizi hayo kama tiba. Ishara ileile inayotumwa kwa sababu ya chaja isiyotambulika hutumwa pia pale ambapo sehemu fulani ya ubao imepata joto la hatari, na aliyeizima hataonywa tena. Itumike kuthibitisha chanzo, kisha chanzo kishughulikiwe.

Mashine huanza vizuri, kisha hulegea

Kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, joto la mchana Tanga hupita nyuzi 30, na chumba chenye bati bila dari huwa na zaidi. Mfumo wa kupoza hauwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayoingia, kwa hiyo mashine ambayo ilikuwa imebakiza nafasi ndogo tu ya kupumua huko ilikotoka huipoteza hapa. Prosesa nyingi za Intel za kompyuta mpakato hujipunguza kasi zinapokaribia nyuzi 100, na zikifika hapo mtumiaji huona mashine nzito bila kuona joto lenyewe.

Kazi ya kuongeza kifaa huleta joto kwa njia nyingi. Kiunganishi kidogo cha waya wa feni huenda hakikurudishwa, na mashine nyingine huwaka bila kulalamika. Bamba la kupozea huenda lililegezwa ili kupata nafasi, kisha likarudishwa juu ya pasta ya joto iliyokwisha kukauka. Pasta hiyo ikishaachana na prosesa haifai tena, lazima ifutwe yote na kupakwa mpya kwa tabaka jembamba. Skrubu za bamba zina namba zilizochapwa pembeni mwake, na hukazwa kwa kufuata namba hizo, kidogokidogo, ili bamba likae sawasawa; fundi anayekaza upande mmoja hadi mwisho ndipo aende wa pili huacha pembe moja ikiwa wazi. Vumbi lililoshikana na unyevu wa pwani hufanya utando kama kitambaa kati ya feni na mapezi ya shaba, na utando huo hauondoki kwa kupuliza kutoka nje, kwa kuwa unasukumwa tu ndani zaidi. Feni ifunguliwe, utando utolewe kwa brashi, na feni ishikwe isizunguke wakati wa kupuliza.

SSD ya NVMe nayo hupata joto. Pale ilipowekwa NVMe yenye kasi mahali pa SATA ya zamani, bila kile kipande laini cha kupeleka joto kwenye kifuniko cha chini, inaweza kuzidi nyuzi 70 wakati wa kunakili na kuanza kujipunguza yenyewe. Programu za HWiNFO na Core Temp huonyesha joto la prosesa, na HWiNFO na CrystalDiskInfo huonyesha la SSD. Endesha kazi nzito kwa dakika 15, weka mkono kwenye tundu la hewa, na usome namba. Hewa ikiwa haitoki ilhali prosesa imefika nyuzi 95, funga kila kitu na uifungue mashine, hakuna haja ya vipimo vingine.

SSD imewekwa, lakini mashine bado inachelewa kuwaka

Fikiria ofisi ya kuchapa ambayo haikutaka kupoteza faili za wateja. Fundi anaacha hadi diski ya zamani mahali pake, anatoa kisomaji cha DVD, na anaweka SSD mpya ndani ya fremu ya kisomaji hicho. Anainakili Windows kwenda kwenye SSD, anaijaribu, anaiona inawaka, anaikabidhi. Lakini BIOS bado inaanzia kwenye diski ya zamani, kwa hiyo Windows inayowaka kila asubuhi ni ileile ya zamani, na SSD imekaa kama ghala. Mwenye ofisi amelipia kasi ambayo haijawahi kutumika hata siku moja.

Kosa hili ni la kwanza kuangaliwa. Katika Task Manager, diski yenye herufi C imeandikwa jina na aina yake. Ikiwa imeandikwa HDD, ingia BIOS na uiweke SSD kuwa ya kwanza katika mpangilio wa kuwasha. Lililo bora zaidi ni kubadilishana nafasi, SSD ikae kwenye tundu kuu na diski ya zamani iende kwenye fremu ya DVD, kwa kuwa katika mashine kadhaa tundu la DVD ni la kizazi cha pili cha SATA, lenye ukomo wa takriban megabaiti 300 kwa sekunde, ilhali tundu kuu ni la kizazi cha tatu. CrystalDiskInfo huonyesha kasi ambayo diski na mashine zimekubaliana: ukiona SATA/300 mahali pa SATA/600, umepata jibu. Na ikiwa diski ya zamani ilikuwa imeanza kufa, kuwapo kwake tu ndani ya mashine kunaweza kuchelewesha kuwaka, maana Windows huisubiri ijibu. Ichomoe, uwashe, ulinganishe.

Mpangilio wa SATA ndani ya BIOS ni jambo la pili. Betri ndogo ya BIOS ikiwa imekufa, au ikitolewa wakati wa kazi, baadhi ya mashine za zamani hurudi kwenye hali ya IDE, namna ya zamani ya kuwasiliana na diski, mahali pa AHCI iliyo mpya zaidi, na SSD hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kushughulikia maombi mengi kwa pamoja. Kurudisha AHCI kunataka uangalifu, kwa sababu Windows iliyozoea hali moja inaweza kukataa kuwaka katika nyingine. Njia salama ni kuiambia Windows kupitia msconfig, programu yake ya mipangilio ya kuwaka, iwake katika hali salama, kubadili BIOS wakati inapojiwasha upya, kuiacha iwake mara moja katika hali hiyo ili ipakie draiva inayofaa, kisha kuondoa alama ya hali salama. Kabla ya kugusa BIOS kwa sababu yoyote, hakikisha kama diski imefungwa kwa BitLocker (ulinzi wa Windows unaofunga data kwa ufunguo), na kama imefungwa, andika ufunguo wa kuifungulia mahali pengine. Bila ufunguo huo faili zinaweza kupotea moja kwa moja, na hakuna kasi inayolipia hasara hiyo.

Tundu la M.2, linalochukua SSD nyembamba zenye umbo la kadi, nalo lina mtego wake. Matundu mawili yanayofanana kwa macho yanaweza kuwa moja la SATA tu na jingine la NVMe, na baadhi ya ya NVMe yana njia mbili za PCIe mahali pa nne. SSD yenye uwezo wa megabaiti 3,500 ikipata njia mbili za PCIe 3.0 itaishia chini ya 2,000, na hilo si ubovu wa SSD wala hila ya muuzaji. Hata hivyo, katika kazi za ofisi tofauti hiyo haionekani. Anayeona uzito mkubwa atafute kwingine.

Kuganda kwa vipindi, na kunakili kunakoporomoka

Mashine inayoganda kwa sekunde kadhaa kisha ikaendelea, aghalabu diski yake inapotea na kurudi. Fungua Event Viewer, kwenye kumbukumbu za System, utafute tukio namba 129, linaloeleza kwamba amri ya kuianzisha upya diski imetumwa, au namba 153, linaloeleza kwamba ombi la kusoma au kuandika limerudiwa. Katika CrystalDiskInfo tazama kipengele cha C7, kinachohesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao. Namba hiyo ikiwa inaongezeka kila siku, waya utepe au viunganishi vyake ndivyo vibovu, na SSD huenda ni nzima. Namba iliyoongezeka zamani na kusimama haina uzito wowote.

Hapa Tanga nashauri viunganishi viangaliwe kwa makini zaidi kuliko miongozo ya ng'ambo inavyosema. Hewa yetu ina unyevu na chumvi mwaka mzima, na mashine iliyokaa miaka miwili karibu na bahari huwa na utando kwenye meno ya viunganishi ambao haukuleta shida mpaka siku vilipochomolewa na kurudishwa. Visafishwe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na viachwe vikauke. Kifutio cha penseli, ambacho wengi hukitumia kwenye RAM, hukwangua tabaka jembamba la dhahabu na kuacha vumbi lake ndani ya sloti, kwa hiyo kiwe chaguo la mwisho.

Umeme kukatika katikati ya kunakili Windows ni chanzo kingine cha kuganda, hasa kwenye mashine ambazo betri yake imekufa na hutegemea chaja tu. Nakala inaweza kuwaka na kuonekana kamili, lakini baadhi ya faili za mfumo zikawa zimeharibika. Amri ya chkdsk C: /f, ikifuatiwa na sfc /scannow, zote katika dirisha lenye mamlaka ya msimamizi, hurekebisha kasoro nyingi za namna hiyo. Zikishindwa, ni afadhali kupiga Windows upya kuliko kuendelea kushona viraka.

Kunakili kunakoanza kwa kasi nzuri kisha kukaporomoka hadi megabaiti 50 kwa sekunde au chini ya hapo ni tabia ya SSD za bei ndogo, zenye seli za QLC (zinazohifadhi biti nne kila moja) na zisizo na DRAM (kumbukumbu ya haraka) yake yenyewe. Huandika kwanza kwenye sehemu ya muda yenye kasi, na sehemu hiyo ikijaa, kasi halisi hujitokeza. SSD ikiwa imejaa karibu yote, sehemu hiyo hupungua na mporomoko huja mapema zaidi, kwa hiyo acha angalau asilimia 15 ikiwa wazi. Angalia pia kama TRIM, njia ya Windows kuiarifu SSD data iliyofutwa, inafanya kazi, kwa amri ya fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Jibu la 0 maana yake inafanya kazi.

Na hapa ndipo pa kifaa feki. Kinachoandikwa gigabaiti 512 lakini ndani yake mna 64 hakitagunduliwa kwa macho wala kwa kusoma ukubwa unaotajwa na Windows. Programu ya H2testw hukijaza kifaa chote kwa data na kuisoma tena; kikiwa cha uongo, data iliyopita uwezo wake halisi hurudi ikiwa imeharibika. Chukua picha ya matokeo hayo na uyapeleke dukani pamoja na risiti, kwa kuwa muuzaji anayeonyeshwa kipimo hana hoja anazokuwa nazo mbele ya mteja anayesema tu kwamba mashine ni nzito.

RAM imeongezwa, kasi haikuongezeka

Kwanza ihesabiwe. Windows ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4, na kwa kweli huacha karibu 3 na kitu tu. Anayeweka 8 juu ya Windows hiyo amezifungia ndani. Ikiwa Windows ni ya biti 64 na bado sehemu kubwa imeandikwa kuwa imehifadhiwa kwa ajili ya vifaa, angalia kama kwenye msconfig kuna alama kwenye kikomo cha juu cha RAM, kisha ukichomeke upya kipande kimojakimoja. Kiasi kidogo kuchukuliwa na grafiki za ndani ya prosesa ni jambo la kawaida.

Kosa ninaloliona kuwa la hasara zaidi ni kuondoa vipande viwili vya gigabaiti 4 na kuweka kimoja cha 8. Kiasi ni kilekile, lakini njia mbili za kupitia zimekuwa moja, na grafiki za ndani, zinazokula kutoka RAM hiyohiyo, hupungukiwa waziwazi. Vipande vya kasi tofauti, kwa mfano DDR4 ya 3200 pamoja na ya 2400, hutembea vyote kwa kasi ya kile cha chini. Hilo hupunguza kidogo tu na si sababu ya mashine kujivuta. DDR3 ya volti 1.5 katika mashine inayotaka DDR3L ya volti 1.35 ni shida ya kweli, kwa kuwa mashine huenda isiwake, au iwake na kuzimika ovyo. Kwa mashine za DDR5, skrini kuwa nyeusi kwa dakika kadhaa mara ya kwanza baada ya kuongeza RAM ni kawaida, na anayeizima kwa nguvu huirudisha mwanzo.

Kipande kibovu hutoa makosa zaidi ya uzito: skrini ya buluu, faili kuharibika, programu kujifunga. Kipime kwa MemTest86 usiku mzima, kimoja baada ya kingine. Kosa hata moja linatosha kukirudisha.

Kama kabla ya kuongeza RAM Task Manager ilionyesha gigabaiti 3 tu zinazotumika kati ya 8, basi kuongeza hadi 16 hakungeleta kasi yoyote. Kilichokosekana kilikuwa kingine, na kwa kawaida ni diski.

Draiva, na intaneti

Baada ya Windows kupigwa upya, fungua Device Manager na utazame sehemu ya skrini. Ikiwa imeandikwa Microsoft Basic Display Adapter, prosesa inachora kila kitu yenyewe, na video pamoja na kusogeza madirisha vitakuwa vizito hata kwenye mashine nzuri. Weka draiva ya mtengenezaji, na ile ya chipseti pia. Intaneti peke yake ikiwa nzito, fungua kifuniko uangalie nyaya mbili za antena juu ya kadi ya Wi-Fi, ambazo huchomoka kwa urahisi mkono unapopita.

Pale ambapo hakuna kilichoharibika

Baada ya hatua hizi zote, zipo mashine ambazo kila namba ni sawa na bado ni nzito. Mashine yenye prosesa ya Celeron ya viini viwili, ya familia ya N, itakuwa kwenye asilimia 100 ya prosesa kila inapofungua kurasa chache za intaneti, na hakuna SSD wala RAM itakayoibadilisha. Vilevile mashine ya kizazi cha 4 cha Intel iliyolazimishwa kubeba Windows 11, ambayo Microsoft inaikubali rasmi kuanzia kizazi cha 8 kwa sehemu kubwa na inayodai TPM 2.0 (chipu ya usalama), hubeba mzigo ambao haikuandaliwa. Kurudi Windows 10 kuna gharama yake, kwa kuwa msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa anayetumia kivinjari na kuandika barua tu, Linux Mint, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, ni chaguo ninaloliamini, na huendeshwa kutoka kwenye flashi kwanza ili mtu aione kabla ya kufuta chochote.

Anayeshikilia Windows katika mashine yenye prosesa dhaifu aambiwe ukweli huo kabla hajanunua kitu kingine. SSD iliyokwisha kununuliwa ichomolewe na iwekwe katika mashine yenye prosesa bora itakapopatikana, kwa kuwa yenyewe ni nzima na huko itafanya kazi iliyonunuliwa kuifanya.